Mama wa Kambo Apewe Zamu Yake

Somo la mwezi kwa akina mama, akina baba na vijana

Somo letu la mwezi huu lahusu mtu ambaye yumo katika nyumba nyingi za washarika, lakini hatajwi kwa sauti, na akitajwa hutajwa kwa kusengenywa. Mtu huyo ni mama wa kambo. Naliandika somo hili kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wao, na yale niliyojifunza niliyapata kwa njia ambayo sikuitazamia, yaani kwa kughani mashairi mbele ya watu.

Niliolewa Chukwani na mwanamume aliyefiwa na mkewe. Nilikuta watoto watatu. Mkubwa alikuwa kijana wa skuli ya sekondari, na mdogo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Hao hawakunipa taabu. Taabu ilikuwa kwa yule wa kati, msichana wa miaka tisa. Hakunitukana hata siku moja. Aliniamkia kila asubuhi kwa adabu. Lakini chakula cha mkono wangu hakukila. Nilipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, nikampakulia na kufunika kwa kawa. Usiku nikifunua, nakuta sahani ni vile vile nilivyoiacha, ila sisimizi wameizunguka. Yeye alikuwa amekwenda kula kwa bibi yake mzaa mama.

Basi majirani wakaanza kusema: "Mtoto anakonda. Ndiyo mama wa kambo hayo." Ningewajibu nini? Nikisema mtoto hali kwangu, nitaambiwa nimemlaumu yatima. Nikinyamaza, nitaonekana nimekubali. Nilinyamaza, na kila usiku nililia jikoni nikiosha sahani ambayo haikuliwa.

1. Maneno yaliyomtangulia

Ndugu msomaji, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mama wa kambo huhukumiwa kabla hajafungua mlango. Maneno yake yamekwisha kusemwa na wengine. Sote tulipokuwa watoto tulisikiliza hadithi za jioni, na katika hadithi hizo mama wa kambo ni yule anayempa mtoto ukoko wa wali na kumpeleka kisimani usiku. Sijasikia hadithi ambamo mama wa kambo ameamka usiku kumkanda mtoto mwenye homa.

Wala si kwetu tu. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walikusanya hadithi za watu wao na kuzichapa mwaka 1812. Katika chapa ile ya kwanza, hadithi ya msichana mweupe kama theluji ilisimulia kwamba aliyetaka kumwua msichana huyo alikuwa mama yake mzazi. Walipoichapa tena mwaka 1819 walimbadili, wakamfanya mama wa kambo. Vivyo hivyo katika hadithi ya watoto wawili walioachwa mwituni, mama yao mzazi aligeuzwa kuwa mama wa kambo katika chapa ya mwaka 1840. Tazameni jambo hilo. Ubaya ulikuwa ule ule, lakini aliyebebeshwa ni mwingine. Watu wanaona haya kusema ya kuwa mzazi anaweza kumtesa mwanawe, basi mzigo ule hutwishwa mgeni.

Sisi Waswahili tunazo methali mbili, na kila moja yavuta upande wake. Ya kwanza yasema: Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ya pili yasema: Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Majirani hunisomea ya kwanza. Mimi jikoni nilijisomea ya pili. Zote mbili ni kweli, na somo letu limo baina yake.

2. Mambo ya hapa hapa Unguja

Sisi tukaao Chukwani twajua kwamba jina la mahali petu limeandikwa katika vitabu kwa ajili ya jumba la kupumzikia la Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888. Barghash alikuwa mmoja wa watoto wa Sayyid Said. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai, wa mama mbalimbali. Wengi wa mama hao walikuwa masuria, yaani wanawake walioingia katika nyumba ile kwa njia ya utumwa, na tusilifiche hilo. Wengi wa watoto wale walikua katika majumba yenye wake wengi wa baba.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Baadaye aliolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 alichapa kitabu cha maisha yake. Ndani ya kitabu hicho amesimulia jambo ambalo napenda kila mama wa kambo alijue. Mama yake Salme aliitwa Jilfidan, mtu wa Wacherkesi kutoka milima ya Kaukasi. Katika nyumba ile alikuwamo suria mwingine wa kabila lake, jina lake Sara, aliyekuwa na watoto wawili, Khadija na Majid. Wanawake hao wawili walipatana ya kuwa atakayetangulia kufa, mwenziwe atakuwa mama wa watoto wake. Sara akatangulia. Jilfidan akaitimiza ahadi. Majid alipopata umri wa kuwa na nyumba yake, alimwomba Jilfidan ahamie kwake pamoja na Salme, nao wakahamia. Majid huyo ndiye aliyekuwa Sultani wa Unguja baada ya baba yake, mpaka mwaka 1870.

Lipo neno katika habari hiyo lililonigusa sana. Jilfidan hakumnyang'anya Sara nafasi yake. Alipewa na Sara mwenyewe. Sisi wengine hatukupata bahati ya kuongea na aliyetutangulia. Yeye hakutujua, nasi hatukumjua. Lakini twaweza kuishi kana kwamba alituomba.

Tukitazama kwa majirani zetu wa Mbweni, twakuta jambo linalofanana na hilo. Misheni ya UMCA ilinunua ardhi Mbweni mwaka 1871, na hapo wakakaa watu waliokombolewa utumwani. Skuli ya Mtakatifu Maria iliwapokea wasichana ambao wengi wao hawakujua mama zao wako wapi, au kama wangali hai. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 kuwafundisha, akakaa hapo hapo mpaka alipofariki mwaka 1926. Wasichana wale walilelewa na watu wasiowazaa. Basi Kanisa letu katika kisiwa hiki, tangu siku zake za kwanza, limekuwa nyumba ya watoto wa wengine. Tukimcheka mama wa kambo tunasahau tulikotoka.

3. Maandiko yatuonyesha nini?

Maandiko hayafichi kwamba jambo hili ni gumu. Someni Mwanzo sura ya 21, muone jinsi Sara mke wa Ibrahimu alivyotaka Ishmaeli aondolewe pamoja na mama yake. Hofu yake ilikuwa juu ya urithi. Ni hofu ile ile iliyomo katika nyumba zetu hata leo: shamba litakuwa la nani, na nyumba itakuwa ya nani? Mungu alimsikia mtoto yule alipolia jangwani. Kwa hiyo mama wa kambo asidhani kwamba kilio cha mtoto asiye wake hakifiki juu.

Lakini someni pia Mwanzo sura ya 37, mahali Yusufu anapoisimulia ndoto yake ya jua, mwezi na nyota 11. Yakobo anamkemea, akiuliza kama yeye baba, na mama yake Yusufu, na ndugu zake watamwinamia. Msomaji makini atashangaa. Raheli, mama yake Yusufu, alikwisha kufa na kuzikwa katika sura ya 35. Je, mama huyo ni nani? Rashi, mwalimu mkubwa wa Kiyahudi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, akifuata mafundisho ya wazee wake, alieleza kwamba ni Bilha, aliyekuwa mjakazi wa Raheli, kwa sababu ndiye aliyemlea Yusufu kama mama. Kwa maelezo hayo, aliyelea ameitwa mama, na kaburi la Raheli njiani halikufutwa kwa ajili hiyo. Wote wawili wana mahali.

Tena tukumbuke Yohana sura ya 19. Pale msalabani Bwana wetu alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ambaye hakuzaliwa naye, na mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Udugu ule ulianza kwa neno, ukathibitika kwa nyumba.

4. Kwa nini tulichagua ngonjera

Sasa nieleze jinsi mashairi yalivyoingia. Watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa ya kwamba mashairi husema yale ambayo kinywa kitupu hakiwezi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini kwetu hapa, karibu na mwaka 1880. Alikuja mjini, akaimba kwa Kiswahili habari za wanyonge na za hukumu zisizo haki, na mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Aliyekuwa mnyonge na asiyesikilizwa akasikilizwa na pwani nzima. Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Hata hivyo, taarabu ya mipasho hatukuichagua kwa somo letu. Sababu ni hii. Katika mipasho mwanamke humrushia mwenziwe kijembe, na mwenziwe hujibu kwa kingine, na watu huinuka kutunza yule aliyechoma zaidi. Shabaha yake ni kumpata mshindi. Lakini katika nyumba yenye mtoto aliyefiwa, ushindi wa mmoja ni hasara ya wote. Mama wa kambo akimshinda mtoto kwa maneno, amepata nini?

Ngonjera ni kitu kingine. Mwenye sifa ya kuieneza ni Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Huyu ndiye aliyetunga pia tenzi za Injili na za Zaburi. Katika ngonjera wawili au zaidi husimama mbele ya watu wakijibizana kwa beti. Mmoja hushika upande wake, mwingine wake. Hakuna anayeruhusiwa kumkata mwenziwe kabla ubeti haujaisha. Na mwisho, baada ya kila mmoja kutoa yaliyomo moyoni, hupatana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilighaniwa maskulini nchini kote, na wengi wetu tulizikariri tukiwa wadogo. Kwa hiyo si jambo geni. Ni kwamba hatukuwahi kufikiri kuileta ngonjera katika mambo ya ndani ya nyumba.

Zingatieni kanuni ile ya zamu. Katika maisha mtoto aliyefiwa hana zamu. Huambiwa tu awe na adabu. Mama wa kambo hana zamu. Akisema ni mbaya, akinyamaza ni mbaya. Baba anayo zamu, ila mara nyingi haitumii. Ngonjera humpa kila mmoja ubeti wake, na wengine wote hulazimika kusikiliza.

5. Ngonjera yenyewe

Hii ndiyo ngonjera tuliyoitunga sisi akina mama kwa ajili ya siku ya familia. Kikundi chochote kinaweza kuighani. Wahitajika mtoto, mama wa kambo na baba, na ubeti wa mwisho wote huusema pamoja.

MTOTO
Hii ni nyumba ya mama, mkeka aliusuka,
Kiti chake kimehama, kanga zake zimetoka,
Jana umekuja hima, ufunguo umeshika,
Nani aliyekuweka, mahali pa mama yangu?

MAMA WA KAMBO
Sikuja kumfukuza, mama yako, sina hila,
Nalikuja kutuliza, upate chako chakula,
Kila siku najikaza, sahani yako hulala,
Kwa nini leo hukula, nina kosa gani kwako?

MTOTO
Si chakula kina sumu, moyo wangu una shaka,
Nahofu kikiwa tamu, mama nitamtoroka,
Jina "mama" ni adhimu, kwako siwezi tamka,
Nami nikilitamka, yeye nitamwita nani?

MAMA WA KAMBO
Jina hilo umwachie, sikudai, ni la kwake,
Lolote unitajie, hata nusu nitosheke,
Bali ule, usilie, mwili wako usichoke,
Picha yake tuiweke, ukutani tuione.

BABA
Nami kosa nalijua, ni mimi nilonyamaza,
Mzigo nikautua, kwa mke nikaukaza,
Mtoto akaugua, wala sikumuuliza,
Sasa kimya namaliza, nasema na nyote hapa.

WOTE
Tumekaa kwa pamoja, aliyekufa hafutwi,
Na huyu aliyekuja, kwa jina baya haitwi,
Na mtoto mwenye haja, jamvini pake hapitwi,
Pendo letu halikatwi, likigawanywa hukua.

6. Yaliyotokea tulipoighani

Tulipoanza mazoezi, mama mmoja mzee katika kikundi chetu alitoa shauri ambalo halikunipendeza. Alisema: "Wewe usighani beti za mama wa kambo. Hizo unazijua. Chukua za mtoto." Na msichana wangu, aliyekuwa miongoni mwa watoto wa mazoezi, akapewa beti za mama wa kambo. Nilitaka kukataa, lakini katika kikundi mkubwa akisema hujibishwi.

Kwa hiyo nilikaa siku kadhaa nikizikariri beti za mtoto. Nawaambieni kweli, ubeti ule wa tatu ulinitoa machozi, ingawa nami nilikuwamo katika kuutunga. Tulipoutunga niliuona ni ubeti mzuri tu. Nilipousema kwa kinywa changu nilifahamu kwamba yule mtoto hakuwa akinichukia. Alikuwa akimlinda mama yake. Kila tonge ambalo hakulila kwangu lilikuwa ni neno la heshima kwa marehemu, na kila siku mimi nilikuwa nikimshindanisha na kaburi bila kujua.

Siku yenyewe ilifika. Mtoto akasimama mbele yangu, kimo chake kikifika kifuani kwangu, akaniuliza kwa sauti ya kughani ni kosa gani amefanya. Watu wakacheka kidogo mwanzoni, kwa sababu mtu mzima alikuwa mtoto na mtoto amekuwa mtu mzima. Kisha wakaacha kucheka. Baba watoto, aliyekuwa ameshika ubeti wa tano, alisita katikati. Tulidhani amesahau. Hakuwa amesahau.

Nisiwadanganye kwamba kesho yake kila kitu kilikuwa sawa. Mtoto hakuniita mama, na hata leo haniiti hivyo. Yaliyofuata yalikuwa madogo. Juma lile baba yao aliitoa picha ya marehemu kabatini na kuitundika sebuleni. Tuliitundika pamoja, mimi nilishika msumari. Siku chache baadaye, nikiwa uani ninaosha vyombo, msichana alipita nyuma yangu akasema bila kusimama: "Mama mdogo, chumvi leo imezidi."

Nilikaa kimya, mikono ikiwa ndani ya maji. Ili mtu ajue kwamba chumvi imezidi, lazima awe amekula.

7. Tunajifunza nini?

Kwa mama wa kambo: Usilidai jina la mama. Jina hilo ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Ridhika na "mama mdogo", au na "Bi" fulani, au na lolote lenye heshima. Fanya kazi ya mama, na jina uliache lije lenyewe, au lisije. Wala usiogope kumtaja marehemu mbele ya wanawe. Ukimtaja kwa wema watoto wataona kwamba huhitaji wamsahau ndipo wakukubali.

Kwa akina baba: Wengi wenu mnaoa ili watoto wapate mlezi, kisha mnawaachia wanawake na watoto wamalize wenyewe. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina hakulificha jina lake. Alimtungia shairi la maombolezo, na watu wanalisoma hadi leo. Tena aliwatungia watoto wake tenzi mbili za wosia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Si kila baba ni mtunzi. Lakini kila baba anaweza kukaa na mwanawe jioni moja, amwambie habari za mama yake, na amweleze kwa nini ameoa tena. Na mambo ya urithi yawekwe wazi mapema, mbele ya wazee, ili hofu ya Sara isiingie nyumbani.

Kwa vijana na watoto: Kumpenda aliyekuja si kumsaliti aliyeondoka. Kama moyo bado unakataa, sema. Kuna njia ya kusema kwa adabu, na beti za juu zimekuonyesheni mfano.

Kwa majirani na sisi sote washarika: Tupunguze maneno ya bombani. Kabla ya kusema mtoto anakonda, kwanza tukapige hodi, tuulize. Lakini pia tuseme kweli: wapo mama wa kambo, na wapo wazazi, wanaowapiga watoto na kuwanyima chakula. Hapo si mahali pa ngonjera. Mtoto anayeteswa apelekewe msaada upesi, kwa sheha, kwa ustawi wa jamii na kwa wazee wa kanisa, wala tusimfunike kwa kuogopa aibu ya nyumba. Mama wa kambo mwema hana sababu ya kuogopa macho ya watu. Anayoyaogopa ni masengenyo.

8. Maswali ya mazungumzo

1. Katika hadithi ulizosimuliwa utotoni, mama wa kambo alikuwa mtu wa namna gani? Je, wewe mwenyewe umewasimulia wanao hadithi gani?

2. Someni Mwanzo 35:16-20 na Mwanzo 37:9-11. Kwa maoni yenu, Yakobo alipotaja mama yake Yusufu alimkusudia nani? Toeni sababu.

3. Jilfidan na Sara waliagana wakiwa hai. Je, mume na mke wanapaswa kuzungumza juu ya malezi ya watoto kabla kifo hakijaja? Ni nini kinachotuzuia?

4. Ighanini ngonjera hii katika kikundi chenu, kila mmoja akichukua zamu ambayo si yake katika maisha. Kisha kila mmoja aseme ni mstari upi ulimchoma, na kwa nini.

5. Katika mtaa wenu, ni nyumba ipi yenye mama wa kambo ambaye hamjapata kumtembelea? Pangeni siku, mwende. Msiende kuchunguza chungu chake, nendeni kumsalimu.

Sala

Ee Mungu, Baba wa yatima, uliyemweka kila mtu katika nyumba ili asikae peke yake: uwafariji watoto waliofiwa na mama zao; uwape subira wale waliopokea malezi ya watoto wasiowazaa; uwape akina baba ujasiri wa kusema; na utulinde sisi majirani na ulimi wa haraka. Utufundishe kusikilizana kila mmoja kwa zamu yake, hata nyumba zetu ziwe na nafasi kwa waliotangulia na kwa waliofika baadaye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.